Sungura wa Mama, Kulungu wa Baba

Sungura wa Arlington, huku Texas, hawana adabu. Wanakaa katikati ya nyasi mchana kweupe, wanatafuna maua ya watu, na ukipita na mifuko yako ya sokoni wanakutazama kama vile wewe ndiye uliyeingia kwao bila hodi. Miaka yangu ya kwanza hapa niliwachukia. Nilipanda sukuma wiki nyuma ya nyumba, nikaamka nikakuta vijiti vitupu. Nikapanda tena na kuzungushia wavu, wakachimba wakapita chini ya wavu. Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni kuhurumia, lakini huruma yangu yote huishia hospitalini.

Kisha Mama akaja.

Alikuja kwa viza ya matembezi, mwaka uliofuata baada ya kumzika Baba. Majirani wa nyumbani walikuwa wameniambia kwa simu kwamba hali chakula, kwamba anakaa mlangoni kutwa na mtu akimsalimu anaitika kwa kuchelewa. Nilipomwona akitoka pale wanapotokea wasafiri, nilimtambua kwa leso tu. Alikuwa amekonda, uso umebaki macho. Tulikumbatiana na sikusema chochote cha maana. Nilimuuliza kama alipewa chakula kwenye ndege.

Asubuhi yake ya kwanza alitoka nje na kikombe cha chai, akasimama ghafla. Sungura wawili walikuwa pale kwenye mabaki ya sukuma zangu. Mama akaweka kikombe chini, akajipangusa mikono, akawaamkia kwa lugha ya nyumbani, tena kwa ile sauti ya chini anayowaamkia wakubwa. Halafu akacheka. Nilikuwa nimesimama dirishani na kijiko mkononi, na nakwambia kweli, sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu tumzike Baba.

"Kumbe watu wetu walitangulia huku," akasema.

Inabidi nieleze. Kwetu, magharibi ya Kenya, kila ukoo una mnyama wake. Humuui, humli, ukikutana naye njiani unampisha. Hakuna anayekuketisha chini akueleze kwa nini. Unazaliwa, unakuta mambo yako hivyo. Ukoo aliozaliwa Mama ni wa sungura. Ukoo wa Baba, ambao ndio wangu, ni wa kulungu, yule mnyama wa vichakani mwenye madoa meupe ubavuni, anayetembea peke yake na kubweka kama mbwa akishtuliwa. Mwanamke akiolewa anaacha kumla mnyama wa mumewe, kwa sababu yeye ndiye atakayepika na sufuria ni moja. Mama anasema alipokuwa msichana nyama ya kulungu aliipenda kuliko ya mbuzi. Aliiacha siku alipoolewa na hakuionja tena.

Mwanamume halazimishwi. Baba alikuwa na uhuru wa kula sungura mpaka ashibe. Lakini aliacha, na hakuna aliyemwomba aache. Ndugu zake walimcheka mpaka wakachoka. Walipochoma sungura waliowanasa shambani, Baba alikaa pembeni na ugali wake na mboga, na akiulizwa ana shida gani anajibu, "Sasa nitawalaje shemeji zangu?" Nilikuwa mdogo, nikadhani ni mzaha wake wa kawaida. Sasa nina mume na nyumba, na najua mzaha hauwezi kumnyima mtu nyama maisha mazima. Yule mzee alikuwa akimpenda mkewe mbele za watu, kwa njia pekee ambayo kijiji kingemruhusu.

Nyumbani kwangu tunazungumza Kiswahili, kwa kuwa mume wangu ni wa kabila lingine, na nikimsemesha binti yetu kwa lugha yangu baba yake analalamika kwamba anasengenywa. Kabila la mume wangu halina mnyama. Wanakula kila kitu, na tabia yao inaonyesha. Yeye ni dereva wa lori, wiki nyingi yuko barabarani, kwa hiyo Mama alimkuta mjukuu wa miaka saba ambaye anasikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza.

Mama akaanza kumfundisha kwa wanyama. Sungura wa bibi, kulungu wa babu. Mtoto akachanganya tangu siku ya kwanza. "Bibi, look, kulungu!" anapiga kelele, kidole kikimwelekea sungura aliyejaa majani mdomoni. Mama anamsahihisha, naye anakasirika. "But they sound the same!" Na ni kweli yanafanana kidogo, maneno hayo mawili, yote yana ungu ndani yake. Basi Mama anamketisha na kumwonyesha kwa mikono: huyu masikio, yule pembe, huyu ana jamaa wengi, yule anatembea peke yake. Mwishowe nilinunua kadi zenye picha za wanyama na majina yao kwa Kiswahili, nikazibandika kwenye friji.

Na mimi nilikuwa na mpango wangu. Nilitaka Mama asirudi. Nimeshakuwa raia, ningeweza kumwombea makazi, na wakili alishaniambia haitakuwa kazi ngumu. Nilipaka rangi chumba chake, nikamtafutia kanisa lenye Wakenya, nikamwonyesha duka linalouza unga wa mahindi mweupe na hata dagaa. Nikimuuliza, ananijibu, "Ngoja kwanza." Mimi nikawa nahesabu dalili. Ameanza kula, hiyo moja. Amenenepa mashavu. Ameniamuru niondoe wavu bustanini, akisema siwezi kuwanyima wajomba zangu chakula. Kwa hiyo nikawa nanunua sukuma dukani ili wajomba wale zangu, na nilifanya hivyo kwa furaha, mimi niliyekuwa nikiwarushia kandambili. Mtu haamuru mambo ya bustani mahali asipokusudia kukaa, ndivyo nilivyojidanganya.

Kuna dalili moja niliyoikataa. Kila jioni, jua likianza kupoa, Mama alibeba kiti mpaka kwenye ua wa nyuma. Ng'ambo ya ua wetu kuna kijito na miti imesongamana kidogo, mahali ambapo hakuna anayekwenda. Alikaa hapo akitazama miti. Nikimuuliza anatazama nini, anasema anatazama tu. Nilidhani anawakumbuka ng'ombe wake.

Mwezi wa Novemba tukaenda Houston kumtembelea mdogo wangu wa kiume. Anaishi Alief, mtaa wa huko huko Houston, anafanya kazi ya ofisini, na anapika vizuri kuliko mimi, jambo ambalo Mama alilisema mara nyingi kuliko nilivyohitaji. Tuliondoka Jumamosi asubuhi, tukala mahindi ya kuchemsha njiani, Mama mbele pamoja nami, binti yangu nyuma na kadi zake za wanyama mapajani. Tulipofika, mchuzi ulikuwa mezani tayari, na ugali, na kachumbari yenye pilipili.

Mama alionja nyama, akaacha kuzungumza. Alitafuna polepole, macho ameyafumba nusu. Akachukua kipande cha pili.

"Nyama hii ni tamu," akasema. "Ni ng'ombe wa huku?"

"Jirani yangu Mkongomani ameniletea," mdogo wangu akajibu, amevimba kwa sifa. "Anaendanga kuwinda na boss wake wa warehouse. Akipata, mtaa wote unakula."

"Uncle, hii ni nini?" binti yangu akauliza.

"Deer, sweetie. Si unajua deer?"

Na binti yangu, ambaye alikuwa amebeba zile kadi safari nzima, akaruka kutoka kitini. Uso wake uling'aa. Kwa mara ya kwanza hakuchanganya. "Deer ni kulungu!" akasema kwa Kiswahili safi, akamgeukia bibi yake apate sifa. "Kulungu wa babu!"

Mama akaweka kijiko chini.

Nilikuwa nimekula vipande vitatu mimi. Kilichokuwa mdomoni kilibaki mdomoni. Nikamtazama mdogo wangu na kwa kweli kama si Mama kuwepo ningemrushia bakuli. "Wewe! Ulikuwa unafikiria nini?"

"Sister, kwani deer ni mnyama wa nani?" Lakini sauti yake ilikuwa imeshapungua. "Alinipatia ikiwa imepakiwa, ameandika deer juu. Sikuwaza. Mum, aki hii si ile. Hii ni ya Texas, hawajuani hata na zile zetu."

Wala hakuwa anadanganya. Tumeishi hapa miaka mingi kiasi kwamba tunanunua kwa lugha moja na kuogopa kwa lugha nyingine. Mwiko wa ukoo ulikuwa kichwani mwake kwa jina la mnyama alilofundishwa na Baba, na jina hilo halikuwa limeandikwa kwenye kile kifurushi. Mimi pia, kama ningekifungua mwenyewe, pengine ningepika.

Mama hakumgombeza. Aliuliza jambo moja tu. "Aliyemuua yuko wapi?"

Mdogo wangu akatoka mbio. Akarudi na jirani, mtu mzima mrefu mwenye kandambili na soksi, aliyetoka mashariki ya Kongo kupitia kambi ya wakimbizi, na ambaye alikuwa amekwisha kuelezwa mlangoni kwa sababu aliingia ameinamisha kichwa.

"Jambo, maman. Pole sana. Sikujua kama iko muziro kwenu."

Hilo neno muziro Mama alilielewa bila kuelezwa, kwa maana hata kwetu mwiko wa ukoo unaitwa karibu hivyo hivyo. Akamwonyesha kiti. Akaniambia nimpe maji. Halafu akaanza kumuuliza, taratibu, jinsi ninavyomuuliza mgonjwa maumivu yalianzia wapi.

"Huyo mnyama, anabweka?"

"Hapana, maman. Anapuliza tu na pua, pfff, anakimbia."

"Ana madoa?"

"Mutoto njo iko na madoa. Mukubwa hapana."

"Anatembea peke yake?"

"Ah, ziko mingi! Ziko groupe, ziko famille." Akafikiri kidogo. "Ngoja, maman. Niko na pembe ku garage. Nitakuletea, uone na macho yako."

Akaenda, akarudi nazo mikononi. Zilikuwa na matawi, kila upande matawi manne au matano, zimeng'aa kwa ncha. Mama alizipokea kwa mikono miwili, akaziweka mapajani na kuzipapasa tawi moja moja. Binti yangu alikuwa amejificha nyuma yangu, akijua ameharibu jambo lakini hajui lipi.

"Kila mwaka zinaanguka," jirani akasema. "Zinaota ingine, mupya."

"Zinaanguka?" Mama akainua macho. "Za kwetu haziangukagi. Anakufa nazo."

Akamrudishia. "Si yeye," akasema.

Mdogo wangu akapiga makofi. "Si nilisema!" Jirani akashukuru Mungu kwa Kifaransa. Mimi nikameza kile kipande, ambacho kilikuwa hakina ladha tena, na nikamvuta binti yangu mbele nikambusu kichwani. Tulikuwa tumepona. Mdogo wangu alikuwa ameshashika upawa kumwongezea Mama mchuzi alipoona, kama nilivyoona mimi, kwamba Mama amejifunika uso kwa leso na mabega yanatetemeka.

Kwenye mazishi hakulia hivyo. Kwenye mazishi alikuwa akiwapa watu viti.

"Niliposikia ni kulungu nilishtuka," alisema alipoweza. "Niliona nimemla baba yenu. Halafu, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nikasema, kumbe yuko. Kumbe hata huku yuko, ni mimi tu sikutafuta vizuri."

Ndipo nikaelewa kile kiti cha jioni pale uani. Miezi yote ile nilikuwa nikihesabu anavyokula na anavyocheka na sungura, na yeye alikuwa akitazama miti kutafuta mwingine.

"Watu wangu nimewakuta," akasema. "Wa kwake hakuna. Nitakaaje huku na ndugu zangu, nimwache yeye peke yake kule?"

Jirani aliaga polepole, akatembea kinyumenyume mpaka mlangoni. Nilijua nimepata jibu la swali ambalo nilikuwa nikiuliza tangu Mama alipofika. Chumba chake nilichokipaka rangi nilikiona akilini kikiwa kitupu, kitanda kimetandikwa, na ilinibidi niende jikoni nifungue bomba niseme naosha vyombo.

Tulirudi Jumapili baada ya kanisa. Barabara ya kutoka Houston kwenda kwetu imenyooka mpaka inachosha, malori upande huu na mashamba upande ule, na mtoto alilala kabla hatujatoka mjini. Mama alikuwa ametulia, hata alikuwa akiimba kidogo ndani ya koo. Mimi ndiye niliyekuwa nachemka. Sitaficha, nilikuwa na hasira, na nilimwonea wivu marehemu baba yangu mwenyewe.

"Mama," nikasema, "umesema huku hakuna wa Baba."

"Hakuna."

"Na mimi ni wa nani?"

Akaacha kuimba. Nilikuwa nimeshaanza, sikuweza kurudi nyuma. Nikamwambia mimi ndiye kulungu wa Baba. Nikamwambia ukoo ule niliubeba mimi mpaka hapa, kwamba nimekaa miaka kwenye nchi ambayo sina hata kichaka, nikifanya kazi sikukuu zote, nikiosha wazazi wa watu wengine, na kwamba kama anatafuta mmoja anayetembea peke yake, asitazame miti, atazame kiti cha dereva. Sauti ilinipanda, na mbele yangu lori likawasha taa nyekundu nikapunguza mwendo bila kuliona vizuri.

Mama alingoja mpaka nikamaliza.

"Najua wewe ni wa nani," akasema. "Ulifikiri nilikuja kuangalia nyumba?"

Nikahamia njia ya pembeni, nikalipita lile lori.

"Nilipokuwa nakaa pale uani sikuwa natafuta kwa ajili yangu tu. Mimi nilikuwa najiambia, nikimwona hata mmoja, basi huyu mtoto ana mwenzake, nitamwacha na moyo wangu utatulia. Sikumwona. Na jana nilidhani nimempata, na hata huyo si yeye." Akageuka akanitazama vizuri. "Mwanangu, mimi sikuja kukaa. Nilikuja kukuchukua. Twende nyumbani."

Siwezi kueleza jinsi nilivyotaka kusema ndiyo. Nilitaka kama mtu mwenye kiu. Miezi yote nilikuwa nikimvuta upande wangu na sikuwahi kujiuliza mbona yeye anavuta upande mwingine kwa upole vile. Nikafikiria zamu zangu, shule ya mtoto, mume wangu na lori lake. Nikafungua mdomo nikasema wiki hii nina zamu mpaka Alhamisi. Hilo ndilo jibu nililompa mama yangu.

Alisema, "Haya," akanifuta macho kwa ncha ya leso ili nione barabara.

Aliondoka kabla ya Krismasi. Kwenye uwanja wa ndege aliniaga kwa maamkizi ya ukoo wa Baba, yale wanayopewa watu wanaoachwa kulinda boma wengine wakisafiri, na mimi nikaitika inavyopasa ingawa aliyekuwa mbali na boma ni mimi. Nikasimama mpaka leso yake ikapotea nyuma ya watu. Halafu nikalia, kwa sauti, katikati ya watu na masanduku yao, na sikujali.

Binti yangu akanivuta mkono. "Mum, what's wrong?"

"Nataka kwenda nyumbani," nikamwambia.

Alinitazama kama mtu anayeshangaa kilio chote hicho ni cha nini, kwa jambo dogo hivyo. "Basi twende," akasema kwa Kiswahili, akinielekeza kwenye lifti. "Gari iko level two."